Kila kipimo na mwizi wake: mafuta ya kunukia yanachakachuliwaje, na maabara inayakamataje

Wiki iliyopita kundi letu la WhatsApp la familia halikulala. Wifi yangu wa Gungu, hapa Kigoma, alinunua kichupa cha mafuta ya karafuu pale sokoni Mwanga, na muuzaji akamwonyesha laivu: akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akalipeperusha, akasema ngoja uone, likikauka bila doa ujue hii ni orijino. Likakauka. Wifi kalipa, kafika nyumbani karudia jaribio lile lile na kichupa chake, doa likakaa mpaka kesho yake asubuhi. Hapo ndo moto ulipowaka. Dada akasema umepigwa hayo yamechakachuliwa, shemeji wa Kasulu akasema acheni uongo, mafuta ni mafuta lazima yaache doa, mmeona wapi mafuta yasiyo na doa, mawese yakidondokea shati si ndo shati limekwisha? Mwingine akatuma video ya jamaa anamimina mafuta kwenye kikombe cha plastiki kinatoboka, eti hiyo ndo alama ya halisi. Mama mkubwa akafunga mjadala kwa kusema jaribu kunywa kijiko kimoja tu, kitu cha asili hakidhuru.

Hilo la mwisho ndo lililonifanya nikae chini niandike, maana lingeweza kuua mtu. Lakini tuanze mwanzo.

Shemeji wa Kasulu hakukosea sana, alichanganywa na neno tu. Kiswahili chetu kina neno moja, "mafuta", na tunalitumia kwa vitu ambavyo kikemia hata sio ndugu: mawese, dizeli, mafuta ya mgando, na haya ya karafuu. Mawese ni mafuta ya tunda la mchikichi, molekuli zake ni kubwa, hazirukiruki hewani, ndo maana zikishika shati hazitoki. Mafuta ya kunukia ni kitu kingine kabisa. Ni ile harufu yenyewe ya mmea, imekusanywa ikawa kimiminika. Ukiwa mtoto si ulikuwa unabana ganda la chungwa karibu na koroboi, vicheche vinaruka vinawaka cha! cha! cha!? Yale ndo mafuta ya kunukia ya chungwa. Molekuli zake ni ndogo, nyepesi, zinapaa hewani kirahisi, na ndo sababu unazisikia puani ukiwa mbali. Kitu kisichopaa hakinukii, ni hivyo tu.

Namna ya kuyapata, ukitoa ya machungwa na malimau ambayo hukamuliwa kwenye ganda, mengi hupatikana kwa mvuke. Na hapa watu wa mkoa huu sihitaji kuwaeleza sana, anayejua mtambo wa gongo unavyokaa ameshaelewa nusu ya somo (sijasema nimejulia wapi). Pipa, moto chini, mvuke unapanda, bomba linapita kwenye maji ya baridi, upande wa pili kinadondoka kimiminika. Tofauti ni kwamba hapa unapitisha mvuke kwenye majani, maua au vikonyo, mvuke unabeba harufu, vikipoa maji na mafuta vinaachana vyenyewe, unayachota. Pemba pale Wawi kuna kiwanda ambacho watu wanakiita kabisa Kiwanda cha Makonyo, kwa sababu kinakamua mafuta kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu. Shikilia hiyo ya makonyo, tutairudia.

Sasa kwa nini mtu achakachue? Angalia mavuno. Karafuu ni tajiri, kilo 100 za karafuu kavu zinaweza kukupa kilo 15 mpaka 20 za mafuta. Waridi ni msiba: kilo moja ya mafuta inakula tani 3 mpaka 5 za petali. Kwa hiyo ukiona kichupa kimeandikwa mafuta halisi ya waridi, kinauzwa bei ya soda mbili, usihangaike na karatasi wala mashine, hesabu imeshakujibu. Mimi naona bei ndo kipimo cha kwanza na watu wengi hatukitumii kwa sababu tunapenda kuamini tumebahatisha.

Uchakachuaji wenyewe una ngazi zake, kama ilivyo kwa wezi, kuna wa kuku na kuna wa benki. Wa chini kabisa anachukua mafuta ya kupikia anaongezea humo, au spiriti. Huyu ni mwizi wa kuku. Wa pili anatumia viyeyusho visivyo na harufu vya viwandani, ambavyo havifanani na mafuta ya kupikia, haviachi doa kama la alizeti, na mnunuzi wa kawaida hagundui kitu. Wa tatu anaongeza kemikali ile ile iliyomo kwenye mmea ila ya kutengenezwa kiwandani. Na wa nne, huyu ndo hatari, hatumii kiwanda hata kidogo: anachanganya mafuta ya mmea ghali na mafuta ya ndugu yake wa bei rahisi, au sehemu nyingine ya mmea huo huo. Mafuta ya karafuu yenyewe yanaongezewa ya majani ya mkarafuu au ya makonyo, ambayo ni rahisi. Hapo kila kitu ni cha asili, kila kitu kimetoka kwenye mkarafuu, na bado umeibiwa.

Rudi kwenye karatasi ya wifi. Karatasi inajibu swali moja tu, je kuna kitu kisichopaa humu ndani? Ikibaki alama ya ule ung'avu wa mafuta, kama ya maandazi kwenye gazeti, baada ya siku nzima, basi kuna uwezekano mkubwa kuna mafuta ya kupikia. Lakini haisemi chochote kuhusu mwizi wa pili, wa tatu, wala wa nne, wote hao wanapita wanachekelea. Na kuna mafuta halisi kabisa yanayoacha alama, kama ya msandali, au ya ganda la limau yaliyokamuliwa bila mvuke, kwa sababu yanabeba nta na rangi za ganda. Kwa hiyo karatasi inaweza kumfunga asiye na hatia na kumwachia mwizi. Kikombe cha plastiki ndo kabisa, plastiki laini zile nyeupe zinayeyushwa na mafuta ya chungwa, ni kweli, ila petroli pia inaziyeyusha na hakuna anayesema petroli ni tiba asilia.

Ukienda maabara wanaanza na vitu vya kawaida tu. Wanapima uzito kwa ujazo. Wanapima mwanga unavyopinda ukipita kwenye mafuta (chovya kijiko kwenye glasi ya maji, kinaonekana kimevunjika, basi kila kimiminika kina kiasi chake cha kuvunja). Wanaangalia yanayeyuka kiasi gani kwenye spiriti, kwa sababu mafuta mengi ya kunukia huyeyuka na ya kupikia hugoma. Vipimo hivi ni vya bei nafuu na vinanasa wengi. Kisha inakuja mashine kubwa.

Inaitwa kromatografia ya gesi. Usiogope jina. Daftari lako la shule likinyeshewa mvua, umeona wino unavyotambaa na kugawanyika, mweusi unatoa ubuluu pembeni, unatoa uzambarau? Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Tsvet, mwanzoni mwa miaka ya 1900 alifanya kitu cha namna hiyo kwa rangi za majani, akazitenganisha kwa kuzipitisha kwenye unga wa chaki. Mwaka 1952 James na Martin wa Uingereza wakaonyesha inawezekana kwa gesi, na hapo dunia ya mafuta ya kunukia ikabadilika.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chukulia watu hamsini wanaondoka Mwanga saa moja kamili kwenda Ujiji kwa miguu, wote mwendo mmoja. Mmoja hana habari na mtu, anapita tu. Mwingine kila baraza anasimama, shikamoo mzee, habari za watoto, mgebuka leo umepatikana? Huyo wa pili atafika saa tano. Ukikaa Ujiji na saa yako, unajua nani kafika kwa muda wake, na ukihesabu wanaoingia kila dakika unajua kila aina walikuwa wangapi. Ndo kromatografia hiyo. Njia yenyewe ni mrija mwembamba kama unywele, upana wa ndani robo ya milimita, urefu mita 30 au 60, umekunjwa kama dawa ya mbu ile ya kuzunguka na kuwekwa ndani ya oveni. Kuta zake za ndani zimepakwa kitu kama utando, hizo ndo baraza. Unaingiza mafuta kidogo sana, chini ya tone moja, yanageuka mvuke, gesi ya heliamu inayasukuma, oveni inapanda joto polepole, na kila molekuli inasimama kwenye utando kwa kadiri ya tabia yake. Mwisho wa mrija kuna kitu kinachosajili, kinachora grafu yenye vilima, kila kilima ni molekuli moja, ukubwa wa kilima ni wingi wake. Lavenda ina vilima zaidi ya mia.

Muda wa kufika pekee hautoshi maana watu wawili wanaweza kufika pamoja. Kwa hiyo mwisho wa mrija wanafunga mashine ya pili, masi spektromita, ambayo inaipiga kila molekuli mpaka ivunjike halafu inaangalia vigae. Chungu cha maji na sufuria ya udongo vikianguka havivunjiki sawasawa, fundi mzoefu anaokota vigae anakwambia hiki kilikuwa nini. Kompyuta inalinganisha vigae na maktaba ya maelfu ya molekuli zinazojulikana.

Sasa tunasomaje grafu? Watu wengi wanadhani maabara inatafuta sumu au kitu kigeni. Wakati mwingine ni kweli, kile kiyeyusho cha mwizi wa pili kinajitokeza kama kilima ambacho hakuna mmea duniani unaokitoa, kesi imekwisha. Lakini kazi kubwa ni kuangalia uwiano. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu chao cha viwango vya dawa, inataja molekuli tatu, inasema mafuta ya karafuu yawe na eujenoli asilimia 75 mpaka 88, kariofilini 5 mpaka 14, na asetili-eujenoli 4 mpaka 15. Eujenoli ndo ile inayoleta ganzi kwenye jino, madaktari wa meno wanaichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Basi mtu akisikia hivyo anasema, kumbe nitafute yenye eujenoli 95, si ndo kali zaidi? Hapana bana! Ikizidi ndo mashaka yanaanza, maana mafuta ya majani yana eujenoli nyingi lakini asetili-eujenoli kidogo sana. Huyo mdogo, asetili, ndo anayemsema mwizi. Ni kama pilau, ukiona nyama nyingi lakini harufu ya bizari haipo unajua hii haikupikwa nyumba hiyo.

Lavenda ni hivyo hivyo. Wanataka molekuli inayoitwa linalooli iwe asilimia 20 mpaka 45, nyingine inayoitwa linalili asetati 25 mpaka 47, na kafuri isizidi 1.2. Kuna chotara wake anaitwa lavandini, anazaa mafuta mengi zaidi na bei yake ni ndogo, ila ana kafuri nyingi. Ukichanganya, kafuri inapanda, umekamatwa.

Lakini mwizi mjanja naye anasoma vitabu hivyo hivyo. Ananunua linalooli ya kiwandani, ananunua linalili asetati, anapika mpaka namba zinakaa vizuri kwenye jedwali. Afu anapewa cheti. Maabara inafanyaje?

Hapa nitumie ndala. Molekuli nyingi za mimea zina umbo la kushoto na la kulia, zimefanana kila kitu ila moja ni kama kivuli cha nyingine kwenye kioo, kama ndala ya kushoto na ya kulia. Mmea wa lavenda ukitengeneza linalooli unatengeneza karibu zote za upande mmoja. Kiwanda cha kawaida kinatoa nusu kwa nusu, pea kamili. Kwa hiyo unatumia mrija wa aina nyingine, ambao utando wake ni kama mguu wa kushoto, ndala za kushoto zinaingia vizuri na za kulia zinabana, zinafika kwa muda tofauti. Ukikuta gunia la lavenda lina pea nyingi, swali ni moja tu, zimetoka wapi? Sio kila mmea una msimamo huo, mafuta ya mti wa chai wa Australia kiasili yana pande zote mbili kwenye molekuli yake kuu, ila kwa uwiano wake ambao hauchezi sana, na uwiano huo ndo wanaoushikilia.

Na kipimo ninachokipenda mimi ni cha kaboni. Mnakumbuka enzi za dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, injini zinakufa, neno "kuchakachua" likawa mdomoni mwa kila mtu? Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wakaanza mpango wa vinasaba, alama ya siri inawekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, mkaguzi akipima kituoni anajua yamechanganywa au la. Mimea haikumsubiri mkaguzi, ina vinasaba vyake tangu zamani. Hewani kuna kaboni ya aina adimu, kaboni 14, ambayo kila kilicho hai kinaivuta, na kikifa inaanza kupungua, kila baada ya miaka 5,730 inabaki nusu. Mafuta ya petroli yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, kaboni 14 imeshaisha kabisa. Kwa hiyo kemikali iliyotengenezwa kwa petroli haina, na ya mmea wa mwaka jana inayo. Hakuna pua wala grafu ya kawaida inayoona hilo, ila mashine yake ipo inaona. Mwizi akijua hilo naye anahama, ananunua kemikali iliyotengenezwa kwa utomvu wa misonobari, kaboni 14 ipo tele, kipimo kinasema ni ya mmea na kweli ni ya mmea! Ndo unarudi kwenye ndala, na kwenye vilima vidogo vidogo vya mabaki ya kiwandani ambavyo kiwanda hakikuvisafisha vikaisha.

Kuna jambo moja lilinichekesha nilipolijua. Ile mashine ya thamani, kromatografia ya gesi, ina upofu wake, inaona vinavyopaa tu. Ukichanganya mafuta ya karafuu na alizeti, alizeti haipandi mrijani, inabaki kule mwanzoni inachafua mlango, na grafu inatoka safi, eujenoli 80, kila kitu kwenye nafasi yake. Fundi asiyekuwa makini anasaini. Kwa hiyo maabara nzuri pembeni ya mashine yake inaweka sahani ndogo, inadondosha mafuta, inayaacha yapae, inapima kilichobaki. Umeona? Ni karatasi ya muuzaji wa Mwanga ile ile, imevaa koti jeupe. Mwizi wa kuku anaweza kuipita mashine ya mamilioni akakamatwa na karatasi, na mwizi wa benki anaipita karatasi akakamatwa na mashine. Ndo maana mtu akiniambia nina cheti cha kipimo kimoja, nauliza kipimo gani.

Kwenye lebo, "asilimia 100 pure" ni maneno tu, printa haina dhamira. Tafuta jina la mmea la kisayansi, sehemu iliyokamuliwa (ua, jani, konyo), nchi, namba ya toleo, na alama ya TBS, shirika letu la viwango. Na kuchanganya na mafuta ya nazi au alizeti sio wizi wenyewe, kwa ngozi ndo inavyotakiwa, yakiwa makali hivyo yanaunguza. Wizi ni kuchanganya halafu usiandike.

Mama mkubwa, sasa ni zamu yako, na nakuheshimu sana. Mafuta haya ukiyanywa, yaliyo halisi ndo mabaya zaidi, kwa sababu hayajapunguzwa. Kuna mafuta yanaitwa ya wintagrini, harufu yake unaijua ni ya zile dawa za kuchua misuli, karibu yote ni methili salisilati: kijiko kimoja cha chai kinabeba nguvu ya gramu 7 hivi za aspirini, zaidi ya vidonge 20 vya miligramu 300 kwa mkupuo. Ya mkaratusi yamewahi kuleta degedege kwa watoto wadogo. Kwa hiyo kijiko hapana.

Tukarudi kwa wifi. Nikamwambia kuna jambo moja zuri kuhusu karafuu, mafuta yake ni mazito kuliko maji, ni kama 1.05 maji yakiwa 1, wakati alizeti, mawese na mafuta mengi ya kunukia yako chini ya 1, yanaelea. Chukua glasi ya maji, dondosha, tone linaweza kukaa juu mwanzoni kwa sababu ya ile ngozi ya maji, ligonge na njiti ya kibiriti, la karafuu litazama. Akajirekodi. Kagonga, kagonga, katikisa, tone likagawanyika vipande vitatu vyote vikaelea vinametameta kama mchuzi wa mawese. Akaenda sokoni na glasi yake, muuzaji akasema ile ya kuonyeshea ni ya mzigo wa zamani, huu ni mzigo mpya.

Hela hakurudishiwa. Kichupa amekitumia kulainishia bawaba za mlango wa chumbani, anasema haulii tena, na kila ukifunguliwa nyumba inanuka pilau.